Nukta Zote Zile Zilikuwa za Tembo Mmoja

Aika mwanangu,

Baba yako yuko sebuleni anapima begi lako kwa mara ya nne. Kilo ni zilezile, lakini mwache, ndiyo namna yake ya kusema anachoshindwa kusema. Mambo ya koti, ya dawa ya pumu, ya kupiga simu ukifika, ya kutafuta kanisa, ameshayasema yeye, na ameyasema vizuri. Sitayarudia. Nimekaa kwenye chumba cha nyuma tangu saa tisa mchana na nina jambo moja tu la kukuandikia. Nimelikwepa miaka tisa.

Jumapili ulinipa ile insha uliyoandika kuomba nafasi ya masomo. Ulisema, "Mama, isome tu, usiihariri." Nikaisoma mara mbili. Umeandika kwamba unakwenda kusomea mienendo ya wanyamapori kwa sababu ya mjomba wako Deo, aliyeuawa na tembo akiwa kazini. Na kwa sababu ya mama yako, ambaye siku ya mazishi alipokea jani la isale, jani la kuombea msamaha, kutoka kwa watu waliomwacha mdogo wake peke yake, akawasamehe mbele ya ukoo mzima. Umesema hapo ndipo ulipojifunza kwamba watu na wanyama wanaweza kuishi pamoja, ikiwa atapatikana mtu wa kusamehe kwanza. Ni sentensi nzuri. Aliyeisoma huko unakokwenda alikujibu kwamba ilimgusa.

Aika, siku ile sikusamehe mtu. Sikuwa na wa kumsamehe. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari nyingine yoyote, kwa sababu nikijaribu namna nyingine nitaanza kujitetea.

Mjomba wako alikuwa mtoto wa kati. Unajua kwetu Marangu ilivyo: wa kwanza hukatiwa kihamba, shamba la ukoo, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, wa kati hupewa baraka. Deo alichukua baraka zake akashuka nazo kwenye mpunga, kijiji kimoja kilicho chini zaidi ya Chekereni, mahali ambapo majaruba yanaishia na matete yanaanza. Alikuwa akisema yeye ni Mchagga wa kwanza kuugua mafua kwa kukosa baridi.

Miaka mitatu baada ya kuhamia huko, watafiti walikuja. Kiongozi wao aliitwa Dokta Semeni, mwanamke mpole wa Tanga, Mtanzania mwenzetu, nalisema hilo kwa sababu wakati ule halikuwa jambo la kawaida. Waliwafunga tembo wanne kola zenye vifaa vya kurusha mawimbi. Kila saa moja kola ilituma mahali tembo alipo kwenda kwenye setilaiti, na setilaiti ikatuma kwenye kompyuta. Mmoja kati ya wale wanne, jike mkubwa, alikuwa na desturi ya kupita karibu na kijiji cha Deo wakati wa kiangazi akitafuta maji. Wakamwajiri Deo kwa sababu mwandiko wake ulisomeka na kwa sababu hakuwa mtu wa kukimbia.

Kazi ilikuwa hivi. Jike akikaribia mashamba, simu ya Deo ilipokea ujumbe na ramani ndogo yenye nukta. Deo alipiga debe, na kikundi cha wakulima kumi na wawili kikatoka na tochi, na madebe, na matofali ya kinyesi cha tembo yaliyochanganywa na pilipili, ambayo huwashwa yakatoa moshi. Walikwenda wawiliwawili. Hiyo ilikuwa sheria ya Deo mwenyewe, haikuandikwa na mtafiti. Mmoja aliitwa mtu wa simu, mwingine mtu wa pori. Mtu wa simu anaangalia nukta. Mtu wa pori haangalii simu kabisa, anaangalia matete na kusikiliza. "Simu inamjua mmoja tu," alinieleza. "Pori linawajua wote."

Mara ya kwanza nilipokwenda kuandika habari zao, nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa mfereji na jirani yake, Mama Zuhura, ambaye alikuwa akipalilia na hakuacha kupalilia hata alipokuwa ananisalimia.

"Deo, mkeo amefika?" akamuuliza.

"Mke gani tena, Mama Zuhura?"

"Huyo mwenye mkufu. Mimi nimeolewa miaka ishirini sijavalishwa hata uzi, yeye amekuja na kucha zake chafu akavalishwa na mradi."

Ndiyo maana kijiji kizima kilimwita yule tembo Bi Harusi.

Niliandika habari mbili nzuri juu yao, zikatoka ukurasa wa kumi na tano, karibu na matangazo ya viwanja. Ya tatu ndiyo iliyotuua.

Dokta Semeni alikuja mjini Moshi, tukakaa kwenye mgahawa wa nyumba ya wageni aliyofikia, akanifungulia kompyuta. Kwenye ramani kulikuwa na nukta nyekundu nyingi sana, zimejaa kando ya mfereji kama upele. Nilimuuliza kila nukta ni nini. Akasema, "Ni saa moja ya maisha yake." Nilipenda maneno hayo nikayaandika kwenye daftari. Daftari hilo bado ninalo. Chini yake niliandika kwa kalamu nyeusi: nukta zote, tembo 1. Kwa hiyo usije ukaambiwa kwamba mama yako hakuelewa.

Niliituma habari pamoja na picha ya ramani. Jioni mhariri wangu akanipigia kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nje ya duka la pembejeo, barabara ina kelele.

"Hizi nukta kwenye picha ni nini?"

"Ni tembo."

"Zote?"

"Zote ni tembo."

Hapo sikuwa nimedanganya. Lugha yetu haina neno la tembo mmoja na neno la tembo mia. Jina ni lilelile, mpaka ufike kwenye kitendo ndipo unajua. Tembo amepita. Tembo wamepita. Mimi nilikuwa nimeandika: nukta hizi zinaonyesha tembo alivyopita kando ya mashamba msimu huu. Baada ya dakika ishirini alipiga tena akanisomea aya ya kwanza aliyoitengeneza yeye. Ilianza na "Mamia ya tembo" na ikaendelea na "wamepita". Niliisikia vizuri. Kelele za barabara zilikuwa zimepungua. Nikajiambia kwamba wapo tembo wengine wasio na kola, kwa hiyo "wamepita" si uongo mtupu. Nikajiambia kwamba ukurasa wa kwanza sijauona mwaka mzima, na kwamba mezani kwake kuna barua yangu ya ajira ya kudumu inayosubiri saini. Akauliza, "Iende?" Nikasema, "Iende."

Ndivyo ilivyokuwa. Silabi moja, na aliyeiachia ipite ni mimi, niliyekuwa nikiwafundisha vijana wa gazeti kuhesabu mara mbili.

Gazeti lilifika kijijini kesho yake, likasomwa kwa sauti kwenye kibanda cha kinyozi. Deo akanipigia kabla ya saa nne.

"Dada, umeandika nini?"

"Nilichopewa."

"Sisi tulikupa Bi Harusi mmoja. Wewe umetuletea harusi nzima."

Alicheka, nami nikacheka. Kisha sauti yake ikashuka. "Rekebisha basi. Huku wananiuliza wengine nimewaficha wapi. Mzee Hamisi anasema mradi unahesabu tembo ili kijiji kionekane ni ushoroba, watu tuondolewe."

Neno hilo, ushoroba, wewe umelikuta limeshakuwa la darasani: njia ya wanyama kati ya hifadhi na hifadhi. Kwa watu wa kule lilikuwa na maana moja tu, kwamba utaamka siku moja ukute alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yako. Nilijua hivyo. Niliwahi kuandika habari za watu waliopakwa hiyo rangi.

"Nitaongea na mhariri Jumatatu," nikamwambia.

"Leo ni Jumatano, Dada."

"Nimesema Jumatatu, Deo. Gazeti haliendeshwi kama jaruba."

Jumatatu mhariri alinipigia yeye, kuniambia barua yangu imesainiwa. Sikumwambia lolote kuhusu tembo. Deo alinipigia mara mbili nyingine wiki ile. Mara ya kwanza nilimwambia asubiri. Mara ya pili niliona jina lake kwenye simu nikaiacha iite. Ningependa kukwambia nilikuwa mahakamani au kwenye mkutano. Nilikuwa kwenye foleni ya benki, sina shughuli, nikiangalia jina la mdogo wangu likiwaka mpaka likazima.

Yaliyotokea kule niliyapata baadaye kwa Mama Zuhura. Uliitishwa mkutano chini ya bati la ghala la mpunga. Mzee Hamisi, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kile kikundi cha kumi na wawili, alisimama. Alikuwa Mpare wa Same, mtu wa haki, hasemi ovyo.

"Deo, kijana wetu. Tembo ni mmoja au ni mamia?"

"Mwenye kola ni mmoja, mzee. Wengine wapo, ila si mamia."

"Dada yako anasema mamia."

"Dada amekosea."

"Dada yako ndiye msomi. Wewe ndiye unayelipwa na hao wenye kola. Tumwamini nani?"

Mama Zuhura aliniambia watu walicheka, na Deo naye alicheka kidogo, halafu akatoka. Tangu siku hiyo alipopiga debe hakutoka mtu. Mmoja alimjibu akiwa ndani, "Mwambie Bi Harusi wako asubiri nivae!" Alikwenda peke yake mara mbili, akarudi salama. Nimejiuliza kwa nini hakuacha. Nadhani ni kwa sababu mpunga wao ulikuwa umeshachanua, na yeye alikuwa ameahidi.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi alfajiri, wiki mbili na siku moja baada ya habari yangu. Simu ilimwonyesha Bi Harusi yuko ng'ambo ya mfereji, na kweli alikuwa huko, simu haikukosea. Deo alikwenda mpaka ukingoni akawasha tofali la pilipili. Dume asiye na kola alikuwa kwenye matete nyuma yake. Alihitajika mtu wa pori, na hakuwepo. Walipomkuta, simu ilikuwa imeanguka juu ya tuta, haijavunjika, na ile nukta ipo palepale.

Sasa isale.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ulikuwa umeshika kitenge changu, kwa hiyo uliona kwa macho yako, ila hukuona kilichokuwepo. Tulimzika Marangu, kwenye migomba ya babu yako, mahali ambapo alipokuwa hai hapakupatikana nafasi yake. Baada ya padre kumaliza, wakapanda watu wa mpunga, kama ishirini, viatu vyao vina udongo mweusi wa kule. Mzee Hamisi alikuwa mbele na jani la isale limefungwa fundo, amelishika kwa mikono miwili. Lile jani tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba, na ambalo mkosaji akikuletea huna ruhusa ya kukataa kumsamehe. Yeye si wa huku na dini yake si yetu, hiyo desturi hakuzaliwa nayo.

Alimwamkia bibi yako, "Shikamoo mama," kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye dada mkubwa.

"Tulimwita mwongo," akasema. "Tukamwacha peke yake. Mke wangu ni Mchagga wa Kilema, akaniambia nisipande huku mikono mitupu."

Aika, ile ndiyo iliyokuwa nafasi yangu. Ilikuwa mbele yangu imekuja kwa miguu yake. Nilitakiwa kusema: mzee, lirudishe, mimi ndiye wa kukuletea wewe. Uliamini gazeti, na gazeti ni mimi. Badala yake nilinyoosha mikono nikalipokea. Nikasema, "Tumepokea, mzee. Yameisha." Nyuma yangu shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ana moyo wa Bikira Maria." Mzee Hamisi alilia. Wewe ulinitazama kwa macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena, na nikaona ni rahisi kuyaishi macho hayo kuliko kuyasahihisha.

Masahihisho yalitoka siku tisa baada ya mazishi. Mistari mitatu, ukurasa wa ndani, chini kabisa: tembo aliyetajwa katika habari yetu ni mmoja. Sikulipeleka gazeti hilo kijijini. Dokta Semeni alilisoma. Aliniandikia ujumbe mmoja, "Asante kwa kurekebisha," bila neno lingine, na hatukuwasiliana tena. Mradi wake ulifungwa kabla ya mvua. Mzee Hamisi alifariki mwaka juzi. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake, nikala wali wao, nikaondoka. Alikufa akijua kwamba alimwua kijana mwaminifu na kwamba dada yake alimsamehe. Yote mawili nilimwacha aondoke nayo.

Nimepumzika kidogo hapa. Baba yako alikuja kuuliza kama nimeuona mkanda wa kufungia begi.

Tangu siku zile nimeendelea kuandika habari za wanyama. Nimezunguka na watafiti wengi, wa kwetu na wa kwao. Sina mamlaka ya kukufundisha kazi yako, lakini nimeitazama kwa muda mrefu kutoka pembeni, na mtu wa pembeni huona namna watu wanavyokaa.

Nchi yetu imejaa wanyama na ramani zake zina nukta chache. Tembo wana kola, simba wana kola, nyumbu wana kola, kwa sababu hao ndio wanaopigwa picha. Wale popo wanaokula maparachichi ya bibi yako wanatoka wapi jioni na wanalala wapi mchana? Niliwauliza watafiti watatu, nikapata majibu matatu na tabasamu moja. Minde wa msituni juu kule, yule paa mweusi ambaye babu yako alimwona mara mbili tu maishani, anatembea kiasi gani? Sijapata wa kunijibu. Na kile kinachojulikana kimegawanyika. Kila mradi una ramani yake, una kompyuta yake, una neno lake la siri. Nimewahi kukaa na watafiti wa miradi miwili katika wiki moja, wote wanafuata tembo walewale, hakuna aliyemwonyesha mwenzake.

Hao wanaokuja sasa wana vifaa vidogo, wananiambia vingine ni vidogo kama punje ya hindi, unaweza kumfunga ndege navyo. Nimefurahi kuona wengi wao ni vijana wetu, wanaongea kwa haraka, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na hawaogopi kompyuta. Kazi hii itakuwa yenu, nina hakika. Ninachoogopa ni kwamba itakuwa yenu wakati ambapo cha kufuata kimekwisha. Njia aliyokuwa akipita Bi Harusi leo ina nyumba za bati, na uzio wa mwekezaji wa vitunguu, na shule. Siwalaumu waliojenga. Deo naye alikuwa mmoja wao. Lakini utakapoifungua ramani utaona mahali mnyama alipopita, na hutaona mahali alipotaka kupita akakuta waya. Sehemu nyeupe ya ramani haisemi kwamba hakuna mnyama. Inasema hakuna kola. Dume aliyemwua mjomba wako alitoka kwenye sehemu nyeupe.

Tena kola zenyewe. Mradi ulipofungwa, kifaa cha kuifungua kola ya Bi Harusi kilikwama, na hakukuwa na mtu wala gari la kuja kumvua. Aliendelea kupita miaka mitatu na kitu kilichokufa shingoni. Mama Zuhura aliniambia walimbadilisha jina. Wakawa wanamwita Mjane. Sijui alipo sasa. Hakuna anayejua, hiyo ndiyo maana ya betri kuisha.

Makala ya kitaalamu iliyotokana na nukta zile ilichapishwa nje. Niliitafuta nikaisoma na kamusi pembeni. Mwishoni wanawashukuru "wasaidizi wa uwandani". Deo yumo ndani ya maneno hayo, bila jina. Lile daftari lake la kaunta, alimoandika kwa mkono tembo wote aliowaona kwa nyayo, wenye kola na wasio nayo, hakuna aliyeliomba. Lilikaa chini ya kitanda cha bibi yako mpaka ulipolichukua wewe. Najua liko kwenye begi, ndilo linalozidisha uzito na baba yako hataki kulitaja. Kwenye kurasa za mwisho, wiki zile mbili, utaona safu ya "mtu wa pori" iko tupu. Ulinionyesha ukurasa huo mwaka jana ukaniuliza mbona hakujaza. Nikakujibu pengine alichoka. Hiyo nayo iongeze kwenye hesabu ya uongo wangu.

Utakosea katika kazi hii. Siku hiyo utaisikia silabi ikipita, kama nilivyoisikia mimi, na kutakuwa na mtu upande wa pili wa simu anayeuliza kama iende. Sijui utafanya nini. Mimi nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja na kazi niliipenda na mdogo wangu nilimpenda, na nilisema iende. Watu wanadhani kosa kubwa hufanywa na mtu mbaya au mtu mzembe. Ninachokijua ni kwamba lile la kwanza lilichukua muda wa kutamka neno moja, na lingerekebishika kwa simu moja siku yoyote kati ya siku kumi na tano. Lililoniharibu ni kwamba kila siku niliyoiacha ipite iliifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi, mpaka ikafika siku ya isale, na hapo nikawa nimeshajua namna ya kunyamaza.

Sikuombi unisamehe. Nakusihi hilo ulielewe vizuri, kwa sababu kwetu ombi la msamaha huja na kamba. Ukiletewa huwezi kukataa. Sijafunga fundo lolote kwenye barua hii. Una ruhusa ya kukataa.

Wala sikuombi uiandike upya insha. Lakini huko watakuuliza, ni kawaida yao kuuliza mtu ametokea wapi. Ukitaka kusema ukweli, sema na jina langu. Usinifiche chini ya "mwandishi mmoja".

Nilifikiri nikupe barua hii uwanjani, uisome ukiwa angani. Kisha nikaona huo ungekuwa ujanja uleule, wa kusema jambo wakati mtu hawezi tena kukujibu. Kwa hiyo nitaiweka mkononi mwako leo, kabla ya chakula.

Kesho gari linaondoka saa sita mchana. Baba yako ataendesha, na bibi yako anashuka kutoka Marangu asubuhi kuja kukusindikiza. Yeye hajui; alimzaa Deo, na ni juu yangu kumwambia, nitamwambia wiki hii, si juu yako. Nitakuwa humu chumba cha nyuma. Ukitaka nije uwanjani, gonga mlango. Usipogonga nitalisikia gari likitoka getini, na nitajua kwamba umeisoma mpaka mwisho, na umeitumia ile ruhusa ya kukataa.

Mama yako